SOMO KWA WANANCHI: BUSTANI YA NYUMBANI NA AKIBA YA KIANGAZI
Mafunzo kutoka Igunga, Mkoa wa Tabora

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wa Unguja na Pemba wanaarifiwa kuwa somo la ukurasa huu linahusu kilimo cha bustani ya nyumbani na, zaidi ya hapo, namna ya kuyahifadhi mazao ya bustani hiyo ili yafae kuliwa baada ya msimu wake kupita. Kwa kawaida masomo ya bustani huishia pale mboga inapochumwa. Sisi tunaona kuwa hapo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza, na nusu hiyo ndiyo iliyosahauliwa na wengi wetu, khasa tunaokaa mjini na kuamini kuwa sokoni hakukosekani kitu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tumekwenda kutafuta mafunzo Igunga, wilaya iliyo bara kabisa, pembezoni mwa mbuga ya Wembere, katika barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega. Jawabu ni kwamba wenyeji wa huko, Wanyamwezi, Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu, hupata mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Mvua huanza takriban mwezi wa Novemba na hukatika Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba mbingu hufungwa, ardhi nyeusi ya mbugani hupasuka nyufa za kuingia mguu, na jani la mchicha huwa tunu. Mtu asiyejiwekea mboga na viazi vya miezi hiyo sita hana pa kukimbilia isipokuwa mfuko wake. Ni kweli kuwa miaka ya karibuni mabomba ya maji ya Ziwa Viktoria yamefika Igunga, Nzega na Tabora mjini, na hilo ni jambo la kushukuriwa; lakini bomba la maji ya kunywa halimwagilii wilaya nzima, na elimu ya kuweka akiba haijapoteza kazi yake.

Aidha, uhusiano wetu na nchi ile si wa jana. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka pwani kupitia Ugogo na pori la Mgunda Mkali ilikuwa na kituo chake kikubwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Igunga iko kaskazini mashariki ya mji huo, nje ya njia yenyewe, lakini wapagazi wa Kinyamwezi waliojaza bandari za Bagamoyo na Unguja walitoka katika vijiji vya nchi yote ile, na wako wengi miongoni mwetu ambao wazee wao walikuja hapa kwa kazi za misafara na baadaye za mashamba ya karafuu. Waarabu wa Unguja waliohamia Tabora nao hawakukaa bure. Stanley, alipofika huko mwaka 1871, aliandika habari za bustani zilizozunguka matembe yao: ngano kidogo kwa matumizi ya nyumbani, mipapai, milimau na miembe, pamoja na vitunguu, thomu, pilipili, tungule na mabiringani. Kwa maneno mengine, bustani ya jikoni ilisafiri na watu wetu kutoka pwani kwenda bara. Leo tunaomba elimu ya kukausha ifanye safari ya kurudi.

Tuna haja nayo. Sehemu kubwa ya mchele unaoliwa katika Visiwa hivi huletwa kwa meli, na mboga nyingi za mjini huvuka bahari kutoka Tanzania Bara. Bahari ikichafuka, bei hupanda siku hiyo hiyo. Wazee wanazo habari za Vita vya Pili vya Dunia: mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikatika, na wakaazi, waliotaka na wasiotaka, wakalazimika kutegemea zaidi muhogo na nafaka nyengine. Aliyekuwa na matuta yake nyuma ya nyumba hakuupata uzito aliopata mwenziwe mwenye fedha peke yake.

BUSTANI YENYEWE

Katika sehemu hii hatutasema mengi, kwani mabwana shamba wamekwisha yaeleza mara nyingi. Tunataja tofauti moja ambayo wengi hawaizingatii. Sehemu kavu kama Igunga, kitalu cha mboga hufaa kichimbwe kishuke chini ya usawa wa ardhi, kwa kina cha kiganja kimoja au kiwiko, kijazwe samadi na udongo wa juu, ili kila tone la maji libakie kwenye mizizi. Hapa kwetu wakati wa masika mambo ni kinyume: tuta liinuliwe, maji yapate kutoka, la sivyo mizizi ya tungule na pilipili itaoza. Lakini mkaazi wa maweni, kule Makunduchi au Micheweni, ambako udongo ni mchache na maji hupotea katika mawe, atafanya vyema kuifuata njia ya Igunga miezi ya ukame. Upana wa kitalu usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga udongo.

Asiye na kiwanja, naye apande katika gunia. Polo moja lililojazwa udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, huweza kuotesha mchicha na matembele juu na ubavuni, na hukaa vizuri hata uani kwa mtu wa Mji Mkongwe. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe mtaroni. Maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, yafaa zaidi. Nyumba yenye watu sita wanaosali sala tano humwaga kila siku maji yanayotosha kitalu kizima, na ni rahisi kuyaelekeza huko kwa kipande cha bomba au mfereji mdogo.

Kuhusu nini cha kupanda, mwandishi ana maoni yake. Picha za mabango ya kilimo hupenda kuonesha kabichi na karoti. Hizo ni mboga nzuri, lakini hutaka baridi, dawa na matunzo mengi. Matembele, kisamvu, kunde, bamia, mchicha na mronge hustahamili jua letu, hazihitaji mbegu ya dukani, na majani yake mabichi yana chuma na Vitamini A kuliko kabichi. Zaidi ya hayo zote hukaushika, na hilo ndilo linalotupeleka katika kiini cha somo hili.

KUKAUSHA

Jani la mboga karibu yote ni maji. Kilo kumi za majani ya kunde zikikaushwa vizuri hubaki kilo moja au zaidi kidogo, na kilo hiyo huingia katika kopo la maziwa la familia. Maji hayo ndiyo yanayovundisha mboga. Yakiondoka, vijidudu vya kuozesha havina pa kuishi. Siri yote ya kuhifadhi ni hiyo.

Huko Igunga na nchi yote ya Unyamwezi na Usukuma, majani ya kunde huchumwa yakiwa machanga, kabla mmea haujachanua, yakaoshwa na kuanikwa, au yakachemshwa kwanza kisha yakaanikwa. Wenyewe huyaita nsansa. Wakati wa kiangazi hurowekwa, hupikwa taratibu na kuungwa kwa karanga zilizopondwa, na mwenye kuonja kwa mara ya kwanza hawezi kujua kuwa anakula mboga ya miezi mitano iliyopita.

Wataalamu wa lishe wanayo marekebisho mawili kwa desturi hii, na yote mawili ni muhimu. Kwanza, majani yapitishwe katika mvuke au maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu tu, kisha yatiwe mara moja katika maji baridi na kuchujwa. Kufanya hivyo huzuia jani lisiendelee kujiharibu lenyewe ndani kwa ndani, hulinda rangi yake, na huua vijidudu vingi. Pili, mboga isianikwe juani moja kwa moja. Jua kali huua Vitamini A, ile ile inayolinda macho ya watoto, na jani hubaki rangi ya majani makavu ya mwembe. Ianikwe kivulini penye upepo, au juani ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cheusi. Mboga iliyokauka vizuri hubaki na ukijani wake, na ukiishika hukatika kwa sauti.

Viazi vitamu ndiyo fahari ya kiangazi cha huko. Hutengenezwa kwa njia mbili. Michembe ni viazi vibichi: huvunwa, huachwa siku chache vinyauke, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe au chanja hadi vikawa vigumu kama vibao. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza na maganda yake, vikamenywa, vikakatwa, kisha vikaanikwa. Hivi huwa vitamu zaidi, na watoto huvitafuna vikavu wakienda skuli. Kilo kumi za viazi vibichi hutoa takriban kilo tatu za vikavu. Michembe hurowekwa na kuchemshwa, ikaliwa kwa chai asubuhi au kupondwa pamoja na karanga au maharage. Mwenye kupanda viazi lishe, yaani vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hupata na Vitamini A juu yake, kwa sharti la kuvikausha upesi na kutoviweka muda mrefu, kwani vitamini hiyo hupungua kila mwezi ghalani.

Je, njia hizi zitafaa katika hewa ya visiwani? Zitafaa, lakini si kila mwezi. Igunga mwezi wa Julai hewa ni kavu usiku na mchana, na mtu huweza kuacha michembe juu ya jiwe hadi asubuhi. Hapa, chochote kilichoachwa nje usiku hufyonza unyevunyevu wa bahari na kurudi nyuma siku mbili. Miezi ya kukausha kwetu ni Januari na Februari wakati wa kaskazi, na Julai hadi Septemba baada ya masika. Pemba, yenye mvua nyingi zaidi, wachague siku zao kwa uangalifu. Vipande vikatwe vyembamba kuliko vya bara, visizidi unene wa sarafu mbili zilizopandana. Vitandazwe juu ya chanja lililoinuliwa kimo cha kiuno, hewa ipite chini na juu, na lifunikwe chandarua chakavu kuzuia nzi. Magharibi ikikaribia, kila kitu kiingizwe ndani. Mwenye jiko la kuni na uchaga juu yake anacho kikaushio kizuri kuliko anavyodhani; babu zetu hawakuiweka nazi ya mbata juu ya moshi bila ya sababu.

Maembe, ndimu na pilipili tunazijua wenyewe: achari. Chumvi nyingi, siki na jua hufanya kazi ile ile ya kuwanyima vijidudu nafasi. Tunaonya jambo moja tu. Baadhi ya watu, baada ya kuona mboga za makopo madukani, hujaribu kuchemsha mchicha au maharage na kuyafunga katika chupa isiyopitisha hewa. Hilo lisifanywe nyumbani. Katika chakula kisicho na ukali wa siki au ndimu, ndani ya chupa iliyofungwa, huweza kuota sumu ya kuua ambayo haina harufu wala rangi.

KUWEKA

Hapa ndipo akiba nyingi hupotea, na historia ya Tabora ina funzo kubwa.

Msomaji wa Sura ya Yusuf anakumbuka namna Nabii Yusuf (A.S.) alivyowaelekeza watu wa Misri wakati wa miaka ya neema: wasiipukuchue nafaka yote, bali waiweke ikiwa bado katika masuke, isipokuwa kile kidogo watakachokula. Kwa ngano na mtama katika nchi kavu, ganda la suke ni ngao dhidi ya wadudu na unyevu, na wakulima wa bara waliweka mtama na mawele yao hivyo hivyo katika vihenge. Mahindi nayo walikuwa wakiyaweka yakiwa katika magunzi na maganda yake, na kwa fukusi wa zamani njia hii haikuwa mbaya.

Ndipo akaja dumuzi. Mdudu huyu mdogo mweusi, asili yake Amerika ya Kati, aliripotiwa kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika mkoani Tabora mwaka 1981. Wenyeji walimwita Scania, kwa jina la malori makubwa, na kutoka hapo akaenea nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na Kusini. Dumuzi hupenda hasa hindi lililo katika gunzi, kwani punje zikiwa zimekazana hupata mahali pa kujisukumia, na hupenda vile vile makopa ya muhogo. Katika miezi michache huyageuza kuwa unga. Kwa hiyo ushauri wa mahindi ukabadilika: yapukuchuliwe, yapetwe, yakaushwe sawasawa, kisha yachanganywe na dawa ya unga iliyoidhinishwa kwa nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa katika paketi, au yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu iitwayo PICS. Mifuko hii ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kunde za Afrika ya Magharibi, na haina dawa yoyote. Ikifungwa barabara, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa.

Kwa kunde, choroko na maharage ya matumizi ya nyumbani, majivu makavu ya jikoni yaliyochekechwa yanatosha, yakijazwa mpaka yafunike kila punje. Mboga kavu na michembe viwekwe katika kopo, ndoo yenye kifuniko au debe, mahali pa giza. Kila baada ya wiki mbili kifuniko kifunguliwe na kunuswa. Kikionekana kulainika, kirudishwe juani siku hiyo hiyo.

Nafaka iliyokauka hujulikanaje? Kuuma punje kwa meno ni dalili, lakini si hakika. Kipimo kizuri ni cha chumvi. Chukua chupa kavu kabisa ya kioo, tia vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani au juu ya moto, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, uache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka ina maji zaidi ya asilimia 15 na haifai kuwekwa. Chumvi ikidondoka chini yote, yaweza kuwekwa.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu nafaka na karanga zilizowekwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Katikati ya mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mikoa iliyo mashariki ya Singida na Tabora, watu 68 waliugua kutokana nayo na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyolimwa na kuwekwa nyumbani kwao wenyewe. Punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe. Asipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita katika mayai na maziwa. Na ukungu ukionekana katika karanga chache, zisichambuliwe hizo tu na kuokoa zilizobaki kwa ajili ya uji wa mtoto. Uchumi wa namna hiyo ni ghali mno.

Muhogo nao una hukumu yake. Mwaka 1985, wilayani Tarime, Mkoa wa Mara, ukame uliwafanya watu watumie muhogo mchungu na, kwa njaa, wafupishe siku za kuuroweka na kuukausha. Watu wazima na watoto walipooza miguu ghafla, na ulemavu huo, unaoitwa konzo, hauponi. Mwenye muhogo mchungu auroweke siku tatu au zaidi mpaka ulainike, aukamue, kisha aukaushe vyema kabla ya kuusaga. Mwenye haraka apande muhogo mtamu.

Mwisho ni suala la mbegu. Katika kila kitalu, miche miwili au mitatu iliyo mizuri kuliko mengine isichumwe kabisa, iachwe ikomae na kukaukia palepale. Mbegu zikaushwe kivulini, zitiwe katika chupa ndogo pamoja na majivu, na jina la mbegu na mwezi wake viandikwe juu ya karatasi. Vipando vya viazi na matembele visiachwe vikafa wakati wa ukame. Kitalu kidogo karibu na karo ya maji kinatosha kuvihifadhi hadi mvua nyengine.

Mwenye haja ya vipando vya viazi lishe au ushauri juu ya dawa za ghala amuone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake, au aulize katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Kizimbani. Masheha wanaombwa kuusoma ukurasa huu katika mikutano ya shehia kabla ya kuanza kwa kaskazi.